Gari Tuliloliita Kipara

Mume wangu aliponunua gari lisilo na paa, mtaa mzima ulisema ni majivuno. Na mimi nilikuwa wa kwanza kusema.

"Wahaya bwana!" nilimwambia, nimeshika kiuno mlangoni. "Wenzako wananunua pikapu wabebe mchele, wewe umenunua sahani."

Alikuwa anapangusa vumbi kwenye boneti kwa leso yake nyeupe. Leso ndiyo iliyonikasirisha zaidi, kwa sababu mimi ndiye niliyeifua.

Zilikuwa enzi za ruksa. Bidhaa zilikuwa zimerudi madukani, mitumba imejaa kila kona, na magari yaliyotumika Ujapani yalikuwa yanaingia mjini na maandishi ya kwao bado yako milangoni. Hata mwalimu wa sekondari kama mume wangu alianza kuthubutu kuota gari. Kwa miaka mitatu tulijinyima kwa ajili ya pikapu. Nilikuwa nimeshachagua hadi rangi.

Badala yake akaja na gari dogo la Kijerumani, kuukuu, milango miwili, viti viwili. Mzungu mmoja wa mradi wa maji alikuwa anarudi kwao na hakupata mwingine wa kumwuzia. Zamani lilikuwa jekundu. Paa lake la kitambaa lilikuwa limeoza lote, imebaki mifupa ya chuma imekunjwa nyuma. Nyuma ya viti palikuwa na nafasi ya kikapu kimoja, tena kikapu chenye adabu.

"Na mvua?" nikauliza.

"Tutaona. Panda kwanza."

Nikapanda huku nabwata. Nikafunga mlango kwa nguvu ili ajue nimekasirika. Ndipo nilipokumbuka kwamba mimi sipandi magari.

Hapo lazima nieleze. Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa natoka Magu kumsalimia mama yangu, basi letu likaacha barabara na kulala ubavu mtaroni. Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu. Lakini mlango ulikuwa chini, mimi nilikuwa juu ya mlango, na juu yangu walikuwa watu, magunia na kreti la soda. Sijui tulikaa humo muda gani. Nilitoka na mchubuko wa kiwiko, watu wakasema nina bahati. Tangu siku hiyo, nikiingia ndani ya gari lenye paa na mlango ukafungwa, koo linabana, mikono inatetemeka, jasho linanitoka kama mwenye malaria. Nilijaribu mara nyingi. Siku moja nilimtandika kondakta kwa mkoba begani ili anifungulie mlango, na maskini hakuwa amenikosea chochote.

Kwa hiyo nikawa mtu wa miguu. Nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja pale Nyamagana, katikati ya mji wa Mwanza, na tulikuwa tumepanga Nyegezi. Kila siku saa kumi na moja alfajiri niko barabarani na kandambili, viatu vya ofisini viko mkobani. Hayo niliyavumilia. Lililokuwa linaniuma ni mama. Alikuwa mjane, na mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki karibu naye. Magu nilifika msimu wa pamba tu, nimekaa juu ya mzigo wa lori pamoja na wapakiaji, upepo unanipiga. Msimu ukiisha, mama anangoja mwaka mwingine. Alipokuwa akiniaga alikuwa ananifunga tu kanga vizuri mabegani, na mimi nalia njia nzima huko juu.

Basi, siku ile nimekaa kwenye ile sahani, mlango umefungwa. Nikangoja koo libane. Halikubana. Nikatazama juu, nikaona mbingu. Nikageuka kumtazama mume wangu, yeye ametazama mbele kama anasoma ubao darasani.

"Pikapu ningekuweka nyuma," akasema. "Sitaki kumbeba mke wangu kama gunia."

Nililia pale pale. Nilipomaliza kulia nikamgombeza kwa nini hakuniambia mapema. Ndivyo nilivyo, na yeye alinioa akijua.

Kuna jambo ambalo namshukuru kwalo hadi leo: hakumwambia mtu yeyote. Walimu wenzake walimtania kwamba Mhaya akipata gari lazima aonekane na yeye, siyo gari tu. Alicheka nao. Padri alimwuliza kama anajiandaa kupokea maandamano. Alicheka naye pia. "Nimelipenda tu," alikuwa anasema. Angeweza kusema ni kwa ajili ya mkewe, anaumwa woga, na wote wangenyamaza. Aliamua wamcheke yeye. Watoto wa jirani ndio waliolipa jina, Kipara, na jina likashika hadi mafundi wakawa wanalitumia.

Mafundi nao! Gari lile lilitengenezwa kwa barabara za watu wengine. Tumbo lilikuwa linakwaruza kila jiwe, na Mwanza mawe hatujapungukiwa. Fundi wetu wa gereji kule Mabatini akainua springi mpaka gari likasimama kama limeshtuka. Rejeta ikavuja, akafunga ya gari jingine kabisa, ikakubali. Sakafuni upande wangu palikuwa na tundu, naiona lami inapita chini ya miguu. Nikiangusha kalamu ndiyo imekwenda. Akaziba kwa bati na misumari ya kubana. Viti vilivishwa na fundi wa makochi, kitambaa cha maua kilichobaki kwenye makochi ya mtu. Kila mwisho wa mwezi kulikuwa na kitu, na kila kitu kilipokaa sawa mume wangu alikuwa ananiita nje nikione, hata kama ni skrubu. Nilikuwa natoka nikiwa na mwiko mkononi, nasema, "Hongera, skrubu nzuri," na kusema kweli nilikuwa nafurahi.

Likawa gari letu la kila siku. Asubuhi ananishusha ofisini, anakwenda shuleni, jioni ananifuata. Nilifika kazini nikiwa na vumbi kwenye nyusi na kilemba kimefungwa kama cha bibi harusi, lakini nilifika na miguu isiyouma. Wenzangu ofisini walikuwa wanajaa dirishani kutuangalia, na mimi nikaanza kushuka polepole makusudi.

Mvua ndiyo iliyotutia adabu. Masika ya kwanza yalitukuta wazi. Mume wangu anaendesha na koti la mvua kama la wavuvi, mimi kando nimeshika mwavuli, tunapita katikati ya mji saa moja na nusu asubuhi mbele ya watu wenye akili zao. Kwenye kona upepo uliubinua mwavuli, tukafika Nyamagana nimeshika fimbo tupu. Mlinzi wa ofisi alicheka mpaka akakaa chini.

Tukaenda Kirumba kwa mzee mmoja, Mkerewe, aliyekuwa anashona maturubai ya malori na matanga ya mitumbwi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiki ndicho Kipara? Nimekisikia."

Alilipima kwa kamba yenye mafundo, akatengeneza paa la turubai la kijani, nene, na dirisha la nailoni nyuma. Likakunjika vizuri na kushikwa mbele kwa vifungo viwili. Kazi safi kabisa. Mume wangu akalivuta, akafunga, akaniambia niingie nijaribu. Nikaingia. Kitambaa kilikuwa karibu na kichwa, mwanga umekuwa wa kijani, harufu ya turubai jipya imejaa. Nikahesabu moja, mbili, na tatu sikuifikia. Nilitoka kwa kishindo mpaka nikamwangusha mzee wa watu kwenye matanga yake.

Niliona aibu, nikamwomba radhi. Mzee alikung'uta suruali, akanitazama usoni. "Likae limekunjwa," akasema. "Kitambaa kizuri hakiharibiki kwa kungoja." Nilimshukuru kwa kutouliza. Tukarudi nyumbani paa likiwa nyuma, na njiani mvua ikanyesha, nikafungua mwavuli mpya.

Mungu si Athumani, Magu ikawa karibu. Jumapili ya kwanza baada ya kiangazi kuingia tulikwenda, wawili, jua linatuchoma na tunaimba. Mama alitusikia kabla hatujafika, akatoka hadi barabarani. Majirani wakaja, kuku wakakimbia, watu wakalizunguka gari. Na hapo mume wangu, msomi wangu, akafanya kosa ambalo linasimuliwa Magu hadi leo. Furaha ilimpanda kichwani. Nilipoteremka tu, akazunguka upande wangu, akashika mlango wazi kama alivyoona wamisionari wakifanya, akamwambia mama yangu, "Karibu mama, kaa hapa mbele nikuzungushe."

Nilishika kichwa, jamani.

Kwetu Usukumani mkwe na mama mkwe hawapeani mkono. Hawali chombo kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Na gari lina viti viwili, vimebanana, vya maua! Mama alijifunika kanga uso mzima, akageuka, akaingia ndani. Jirani mmoja akasema kwa sauti, "Amemkaribisha kiti cha mkewe!" Watu wakacheka hadi wengine wakashika miti. Mume wangu alikumbuka, tayari amechelewa. Hata kwao Kagera mkwe ni mtu wa kuheshimiwa sana, alijua fika. Aliinama akajifanya anaangalia tairi, na aliiangalia ile tairi karibu saa nzima. Ilibidi shangazi yangu apeleke maneno ya radhi na kanga mpya ndani ya nyumba.

Mama alinijibu mimi, jioni, tukiwa jikoni wawili. Alikuwa anatamka kama Wasukuma wa rika lake wote. "Gali ni zuri," akasema. "Siku likiendeshwa na wewe, nitapanda."

Nilicheka. Mimi, niendeshe? Lakini lile neno halikuniacha. Wiki iliyofuata nikamwambia mume wangu anifundishe.

Sitasema mengi kuhusu masomo yale kwa sababu ndoa yangu bado naipenda. Tulifanyia chini ya Nyegezi, uwanja wa karibu na ziwa. Yeye anafundisha kama yuko darasani, anaeleza klachi kwa mchoro. Mimi nataka kwenda. "Taratibu," anasema. "Ni taratibu!" namjibu kwa kupiga kelele. Siku ya tatu nilikanyaga nisipotakiwa, tukapita juu ya dagaa wa watu walioanikwa, kutoka mwanzo hadi mwisho. Wanawake wenye dagaa walinipa maneno, nami nikawarudishia mawili matatu, kisha nikatulia nikanunua dagaa wote. Tulikula dagaa wenye mchanga wiki mbili, mume wangu anatafuna tu. Lakini nilijua kuendesha. Nikapata leseni, na asubuhi nyingine nikawa mimi ndiye ninayemshusha yeye shuleni, wanafunzi wamejipanga dirishani. Paa daima limekunjwa.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa mwezi wa tatu, mtu kutoka Magu akaja ofisini kwetu mchana. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Mama ana siku nne kitandani, akasema, homa na kifua, na tangu jana anapumua kwa shida. Zahanati wamesema apelekwe hospitali, mjini.

Nilituma mtu shuleni, mume wangu akaja kunichukua, tukaondoka vile vile na nguo za kazini. Niliendesha mimi, kwa kuwa tulijua wote wawili nani atakaa wapi wakati wa kurudi. Tulipofika, shangazi alikuwa amemketisha mama mlangoni, amefungwa blanketi mbili. Amekuwa mdogo! Kila pumzi ilikuwa inapiga filimbi. Nilimpigia magoti, shikamoo haikutoka sawasawa.

Na upande wa ziwa, wingu. Jeusi, pana, limeshuka chini kabisa. Mvua ile haihitaji kuulizwa.

Mume wangu alikuwa amesimama mbali, kando ya ua, kama inavyotakiwa. Aliniita. "Mama hawezi kulowa," akasema.

"Najua."

"Lazima paa lifungwe."

"Nimesema najua!"

Kisha akasema polepole, "Kama huwezi, nitaendesha mimi. Ni ugonjwa, watu wataelewa. Mkwe atanivumilia."

Mama alikuwa na homa lakini masikio yake hayakuwa na homa. "Bora nifie hapa," akasema kutoka mlangoni, filimbi katikati ya maneno, "kuliko kukaa na mkwe kwenye mfuko." Shangazi akamwambia nyamaza wewe, unataka kufa. Mama akasema ndiyo nimeshasema.

Nilikasirika. Nilimkasirikia mama, mila, wingu, na mimi mwenyewe zaidi ya wote. Huyu ndiye aliyenizaa, na uhai wake umekwama kwenye kipande cha turubai kwa sababu mtoto wake anaogopa kitambaa. Nikaenda nyuma ya gari, nikavuta lile paa mwenyewe. Lilikuwa gumu kwa kutotumika, kucha moja ikakatika. Nikafunga kifungo cha kwanza, nikafunga cha pili. Tukamwingiza mama. Nikaingia, nikavuta mlango.

Koo likabana papo hapo. Mikono ikaanza. Nikawasha gari kwa sababu nilijua nikingoja nitashuka.

Mume wangu alibaki pale barabarani, atafute lori. Nilimwona kupitia nailoni ya nyuma, amesimama tu, kisha mvua ikatufikia na sikumwona tena.

Nilikuwa natetemeka hadi usukani unatetemeka. Turubai linapigwa na mvua juu ya kichwa changu, waipa moja ndiyo inayofanya kazi, na ni ya upande wa mama. Kabla ya daraja la Simiyu nilisimamisha gari pembeni. Mkono wangu ulishakwenda kwenye kitasa, haki ya Mungu, ulishakifikia. Ndipo mama akakohoa, na baada ya kukohoa pakawa kimya.

Nikageuka. "Mama!"

Kimya, halafu filimbi ikarudi, nyembamba. "Endesha," akasema. "Unangoja nini?"

Nikaendesha. Nikainamia upande wake ili nione kupitia kioo kilichofutwa, sikio langu likawa karibu na mdomo wake. Kuanzia hapo kazi yangu ilikuwa moja, kusikiliza ile filimbi. Inaingia, inatoka. Ikichelewa naita, akijibu naendelea. Tulipita Nyanguge hivyo, tukapita Kisesa, mashimo ya lami, mbuzi, baiskeli za watu wenye mizigo. Sikumbuki barabara. Nakumbuka pumzi yake tu.

Hospitali walimpokea kwa haraka, Mungu awabariki manesi wa zamu ile. Mmoja alinishika mkono akaniambia nimemleta wakati bado upo. Walimwekea oksijeni na dripu, na mimi wakaniambia ningoje nje. Mama alipona. Aliishi miaka kumi na minne zaidi na kunigombeza katika yote, na kila alipokuja mjini alikaa kwenye kile kiti cha maua na mkoba mapajani kama waziri. Hiyo ni shukrani yangu kubwa kuliko zote. Lakini ninachotaka kusimulia ni ile saa pale nje.

Nilitoka nikaenda kukaa ndani ya gari. Nilikaa, sijui muda gani. Lori la mchele likasimama barabarani, mume wangu akaruka kutoka juu ya magunia, akaja mbio. Nikamwambia kupitia dirishani, "Yuko salama. Wanamhudumia." Akaegemea mlango, akafumba macho.

Kisha akayafumbua, akalitazama gari. Akaligusa turubai kwa kiganja. Shati lake lilikuwa limekauka kabisa.

"Mvua imekatika tangu Kisesa," akasema. "Jua lote hili. Mbona hukufungua?"

Nikatazama juu. Paa la kijani, karibu na kichwa changu, jua linalipiga kutoka nje. Mlango wangu ulikuwa umefungwa. Nilikuwa nimeingia na kuufunga mwenyewe, bila mtu kunilazimisha.

"Nilisahau," nikamwambia.

Mume wangu alizunguka upande wa pili, akaingia, akafunga na wake, tukakaa humo ndani wawili.